Kutulia Nundu: odio za vita na mikono inayolegea

Tunaandika kutoka Nundu, kando ya Ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Baraka. Wengi mnaosoma kurasa hizi mko mbali nasi: Nyarugusu, Kigoma, Bujumbura, Nairobi, wengine ng'ambo kabisa, Marekani na Kanada na Australia. Mnapotuandikia mnauliza jambo moja, "Hali ikoje huko?" Swali hilo limekuwa gumu mwaka huu, maana mara nyingi habari za Nundu mnazipata kabla yetu sisi tunaoishi Nundu, na nyingine mnazipata kabla hazijatokea. Odio inasema kijiji fulani kimeungua, nao wenyeji wa kijiji hicho wako nje wanaanika mihogo.

Watu wa mijini wakizungumza siku hizi juu ya utulivu, humfikiria mtu aliyechoka na kazi ya ofisi, anayeangalia video mpaka saa nane za usiku, naye anashauriwa aache telefone yake sebuleni aende kulala. Shauri hilo ni jema kwake. Huku kwetu jambo lina sura nyingine. Telefone ndiyo inayoleta pesa za mtoto aliye Kigoma, ndiyo inayotuambia kama gari la Uvira limepita Makobola, na usiku mwingine ndiyo mlinzi peke yake tuliye naye. Mtu akituambia tuizime, tunamshukuru na kuendelea kuichaji. Hata hivyo tunakubaliana naye kwamba kuna kitu kimeharibika katika nafsi za watu wetu. Hawasikilizi tena. Wanasikia tu, mchana na usiku.

Tuanze na yale yaliyotokea kweli. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma, na katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Askari waliorudi nyuma walishuka bonde la Ruzizi hadi Uvira, makumi elfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Burundi, wengine wakapanda boti kwenda Kalemie na Kigoma. Tarehe 27 Juni mawaziri wa mambo ya nje wa Congo na wa Rwanda walitia sahihi mapatano kule Washington, na tarehe 19 Julai serikali ya Kinshasa na AFC/M23 wakatia sahihi tamko la kanuni kule Doha. Mwezi wa Agosti 2025 Uvira ilikuwa ingali mikononi mwa serikali. Barabara ya taifa namba 5, inayopita mlangoni petu kwenda Baraka, ilikuwa na vizuizi vingi na mashimo mengi zaidi.

Kila tarehe kati ya hizo ilikuja na mvua ya ujumbe. Bukavu tuliambiwa imetwaliwa mara kadhaa kabla haijatwaliwa. Siku ya mapatano ya Washington grupu moja ilitangaza kwamba vita imekwisha na wakimbizi wafunge mizigo, na saa ile ile grupu nyingine ikatangaza kwamba Fizi imeuzwa. Watu walewale walikuwa katika grupu zote mbili.

Tuongeze jambo ambalo watu wa nje hawalioni upesi. MONUSCO, iliyokuwa na kambi Baraka, ilimaliza kuondoka Kivu Kusini mwezi wa Juni 2024. Hata waliokuwa wakiinung'unikia walikuwa wamezoea kuyatazama magari yake meupe: yakipita polepole, watu husema njia ni salama. Sasa hatuna gari la kutazama. Tunatazama kioo cha telefone.

Hatutaki mtu asome haya akafikiri watu wa Nundu ni waoga au wajinga. Anayekimbia haraka huku ana sababu. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi tarehe 2 Januari 1999, wakati wengine duniani wakisherehekea mwaka mpya, watu waliuawa Makobola na katika vijiji vya jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inataja zaidi ya 800. Makobola iko kwenye barabara yetu hii hii. Kabla ya hapo, mwaka 1996, waliowahi kuvuka ziwa ndio waliofungua kambi ya Nyarugusu, na wajukuu wao wamezaliwa huko. Waliosema "tungoje tuone" hatuwezi kuwauliza walichoona. Kwa hiyo mzee wa miaka sitini akiamka usiku kwa sababu pikipiki imepita kwa kasi, hilo si ugonjwa. Ni kumbukumbu inayofanya kazi yake.

Shida ni kwamba kumbukumbu hiyo sasa ina watu wanaoichezea.

Hebu tutazame hasara, maana hasara ndiyo inayofahamika. Mtu anapanda mlimani kwenye shamba la mihogo, analima nusu saa, kisha anaacha jembe na kutafuta mahali penye rezo. Akirudi, jua limekuwa kali. Mwalimu anaandika ubaoni huku mfuko unatetemeka, na watoto wanautazama mfuko kuliko ubao. Mvuvi anavuta wavu na telefone imefungwa katika plastiki shingoni mwake. Wamama wanaouza samaki wanatuambia kwamba bei inapangwa na odio: asubuhi ya habari mbaya kila mtu anauza kwa hasara ili apate pesa ya njia, na jioni habari ikikanushwa samaki wamekwisha kwenda kwa mwenye fedha aliyengoja. Hatusemi huyo mwenye fedha ndiye aliyetuma odio. Tunasema tu kwamba hakukimbia.

Na familia ikikimbia kwa habari ya uongo, hasara yake haiwi ya uongo. Mbuzi wanaachwa, mlango unavunjwa, watoto wanalala porini na kurudi na malaria, mama mwenye mimba kubwa anatembezwa kilometa nyingi usiku badala ya kufikishwa hospitali. Nayo hasara iliyo kubwa kuliko zote ni hii, kwamba akikimbizwa bure mara nne, mara ya tano, habari ikiwa ya kweli, mtu anageukia ukutani na kulala.

Jambo hili linaendeshwaje? Kampuni zenye mitandao hii hupata fedha zao nyingi kwa matangazo ya biashara, na tangazo linauzwa kwa muda ambao macho ya mtu yamekaa kwenye kioo. Hofu inakalisha macho kuliko furaha. Hakuna aliyeketi Marekani akapanga kuiharibu Nundu. Mashine inafanya tu kazi iliyoundwa kuifanya. Mwaka 2018 huko India watu wasio na hatia waliuawa na makundi kwa sababu ya ujumbe uliosema kwamba wezi wa watoto wanazunguka. WhatsApp ikaweka kikomo: kwanza India, halafu Januari 2019 dunia yote, mtu asiweze kupitisha ujumbe kwa zaidi ya watu au grupu tano kwa mara moja. Aprili 2020 ikaongeza kwamba ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi upelekwe kwa mmoja tu kwa mara moja. Ndiyo ile mishale miwili mnayoiona juu ya ujumbe mwingine. Mishale miwili maana yake ni kwamba hata aliyekutumia hajui ulianzia wapi.

Lakini watu wetu ni wajanja. Mtu akitaka kuikwepa mishale anaweka telefone mbili pamoja, moja inasema, nyingine inarekodi, na odio inazaliwa upya, safi, haina baba wala mama. Tena inasema kwa sauti ya mtu anayejua Kibembe vizuri, anayeanza kwa kuwaamkia wazee na kutaja majina ya vijiji kwa taratibu. Mtu aliyekua Nundu hawezi kuisikia sauti kama hiyo bila moyo kufunguka. Karatasi tungeitilia shaka. Sauti ya nyumbani hatuitilii.

Na si habari za mapigano tu. Odio zinazotusumbua zaidi ni zile zinazompa jirani jina la mnyama. Katika teritware yetu ya Fizi tunaishi Wabembe, Wafuliiru, Wanyamulenge, Wanyindu, Warundi na wengine, na kila jamii ina makaburi ya kuonyesha. Rwanda, redio RTLM ilianza mwezi wa Julai 1993 na ilipendwa kwa muziki na mzaha wake. Mwezi wa Aprili 1994 watu walikuwa wamezoea kuicheka na kuisikiliza, na ikawa inasema nani atafutwe na wapi. Tofauti ya leo ni kwamba redio ilikuwa na jengo na majina ya wenyewe. Odio haina jengo. Inakaa mfukoni mwa mkristo anayekwenda ibada.

Barua iliyo wazi

Tuliosoma chuo cha theolojia tulifundishwa kitabu cha Nehemia kama kitabu cha uongozi na ujenzi. Mwaka huu sura ya sita tumeisoma kama sura ya odio.

Tazameni mpango wa Sanbalati. Anamwita Nehemia waonane katika bonde la Ono. Nehemia anakataa. Anamwita tena kwa maneno yale yale, mara nne. Mara ya tano anabadili njia: anatuma barua isiyotiwa muhuri. Barua ya siku zile ilifungwa ili mwenyewe tu aisome. Hii iliachwa wazi makusudi, kila mkono unaoipitisha uisome njiani. Ndani yake kuna habari kwamba Wayahudi wanataka kuasi na Nehemia anataka kujifanya mfalme. Na chanzo cha habari hiyo ni nani? Inasemwa katika mataifa, na Geshemu naye anasema hivyo. Ndugu, hiyo ndiyo mishale miwili. "Inasemwa, na fulani naye anasema."

Nehemia anafanya mambo matatu, na tunaona mpangilio wake una maana. Anajibu kwa ufupi kwamba hakuna jambo kama hilo, mwandishi amelitoa moyoni mwake. Haongezi. Haandiki barua wazi ya kwake ili ishindane na ile. Kisha anatambua shabaha yake: wanataka mikono yetu ilegee tuache kazi. Yeye haulizi tu kama habari ni ya kweli au ya uongo. Anauliza inataka kufanya nini na mikono yangu. Na jambo la tatu, anamwomba Mungu aitie mikono nguvu.

Sura haiishii hapo. Linakuja jaribu gumu zaidi, na hili linatoka ndani. Shemaya, mtu anayesema kama nabii, anamwambia Nehemia wakajifungie hekaluni kwa sababu watu wanakuja usiku kumuua. Usiku! Nehemia anagundua kwamba Mungu hakumtuma mtu huyu, amelipwa. Tunalisema hili kwa huzuni: Kivu yetu imejaa Shemaya mwaka huu. Kuna wahubiri wanaotaja tarehe ya shambulio, wakipita tarehe wanasema maombi yao ndiyo yaliyolizuia, na namba ya kutumia sadaka iko chini ya video. Sisi hatuna la kuwaambia zaidi ya lile lililoandikwa juu ya Shemaya. Ukuta ulimalizika kwa siku 52. Hakuna aliyehesabu odio.

Kuna watakaosema kwamba Nehemia alikuwa na wapanda farasi na wakuu wa jeshi, nasi tuna nini? Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba alikuwa ameweka walinzi usiku na mchana, na mtu wa tarumbeta kando yake. Utulivu wake haukuwa wa kufumba macho. Alijua nani analinda na nani anapiga tarumbeta, na kwa sababu alijua, wengine waliweza kushika mwiko na kujenga.

Kwa wachungaji wenzetu tunapenda kumtaja Agostino wa Hipo, Mwafrika wa kaskazini, aliyefariki mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali. Kabla ya hapo askofu mmoja, Honorato, alimwuliza kama watumishi wa Mungu wakimbie. Agostino alimjibu kwa barua ndefu, na kiini chake ni kwamba anayeweza kukimbia akimbie, lakini mtumishi asiwaache waliobaki wakiwa wanamhitaji. Posidio, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba katika ugonjwa wa mwisho mzee huyo aliomba zaburi za toba zibandikwe ukutani mbele ya kitanda chake, na kwa muda wa siku kumi hivi akaomba asiingiliwe isipokuwa na waganga au wanaoleta chakula. Adui yuko nje ya ukuta, naye anasoma zaburi. Wengine wataona huko ni kujitenga na watu. Sisi tunaona ni mtu aliyekwisha kutoa majibu yake yote kwa watu, akabaki na jibu moja la kumpa Mungu.

Kupumzisha ziwa

Wazee wetu hawakuhitaji vitabu ili kujua jambo hili. Wavuvi wa ndakala wanavua kwa taa katika giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wanakaa pwani siku kadhaa: wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanalala, wanakwenda kuwasalimu wakwe. Hakuna anayeita siku hizo hasara. Siku hizi hata serikali zinafikiri hivyo. Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wazae. Kulikuwa na manung'uniko mengi, na njaa katika nyumba nyingine, hatutaki kulifanya jambo jepesi. Lakini wazo lenyewe lilieleweka na kila mtu aliyewahi kushika kasia: ziwa lisilopumzishwa halina kitu cha kutoa.

Moyo wa mtu haujafungiwa msimu na yeyote. Mwezi mkubwa hauizimi telefone. Ndiyo maana Sabato ni amri, si shauri.

Ni lazima tuseme na makelele ya kanisa. Kuna makusanyiko ambayo spika zake zinasikika mpaka ziwani, kwaya nne zinafuatana bila mtu kuvuta pumzi, matangazo yanachukua nusu saa, na mhubiri akinyamaza sekunde tano mpiga kinanda anafikiri amesahau. Mtu aliyekesha na odio anakuja hapo kutafuta pumziko na anapewa sauti nyingine. Eliya pale Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, na Bwana hakuwamo. Tunaihubiri habari hiyo kwa maikrofoni iliyofunguliwa mpaka mwisho.

Mwaka huu tumejaribu kunyamaza dakika chache kabla ya neno. Tulitazamia vijana ndio watakaochoka. Waliochoka walikuwa watu wazima. Mama mmoja alitoka nje, na baadaye akasema kwamba hachukii kimya, ila kimya kinamletea nyuso. Alikuwa msichana mwaka 1998. Telefone, kwake, si ya habari tu. Ni kelele inayowaziba midomo waliokufa. Baada ya maneno hayo hatuwezi tena kuhubiri utulivu kama kitu kitamu ambacho watu wanakikataa kwa uvivu. Kuna watu ambao kuwaambia wakae peke yao na moyo wao ni kuwaambia warudi Makobola.

Tulijiuliza basi watu wetu wamejua wapi kukaa kimya bila kuogopa, na jibu lilikuwa karibu sana: matangani. Kwenye kilio mtu haketi peke yake na uchungu wake. Mikeka inatandikwa, majirani wanakuja, moto unawashwa, na saa nyingi zinapita ambazo hakuna anayesema kitu na hakuna anayeona haya kwa kutosema. Rafiki za Ayubu walikaa naye hivyo siku saba chini, na mabaya yalianza walipofungua midomo. Hiyo ni shule ya utulivu tuliyorithi, na sasa ukienda matangani usiku utaona nyuso zimeangazwa kutoka chini, kila mtu na kioo chake, na mfiwa katikati anautazama moto peke yake.

Basi katika ushirika wetu tumeanzia hapo. Kwenye kilio cha mkristo lungo la kupepetea linawekwa mlangoni, na anayeingia anaacha telefone humo. Kijana mmoja anakaa na lungo, na simu ya lazima anaipokea yeye. Wengine walikataa, na hatukuwalazimisha. Yule mama tuliyemtaja anakaa na kimya cha matangani mpaka asubuhi bila shida, kwa sababu bega la mwenzake liko pale. Jumatano jioni tumeanza kukaa hivyo pia pasipo msiba, mikekani, nusu saa, tukiwa pamoja. Zaburi moja inasomwa mwanzoni na ile ile mwishoni. Si watu wengi.

Kwa ninyi mlio mbali tuna ombi moja. Mkipata odio inayotutaja, msiitume kwetu wala kwa wengine kabla hamjampigia mtu mmoja mnayemjua aliye mahali palipotajwa. Asipopatikana, ngojeni jioni. Mchana telefone nyingi za Nundu ziko kwenye vibanda vya kuchajia, zimelala mstari mmoja chini ya paneli ya jua, na mwenyewe yuko shambani. Mnapokosa kutupata saa sita za mchana msihesabu kwamba tumekufa.

Jambo la mwisho ni la chuma. Kanisani kwetu hatuna kengele. Tuna chuma cha gurudumu la gari kilichotundikwa kwenye mwembe. Kikigongwa polepole ni ibada, kikigongwa mbio ni hatari. Mwezi wa Februari kilikuwa kinagongwa na yeyote mwenye odio, mpaka watu wakaacha kukisikia. Wazee walikaa wakaamua kwamba watu watatu tu ndio wenye ruhusa ya kukigonga, na kila mmoja ni lazima kwanza aseme kwa simu na watu wawili walioona kwa macho yao. Mmoja wa hao watatu ni mama muuza ndakala. Alichaguliwa kwa sababu ana wateja na wadeni katika kila kijiji, kutoka Makobola, Swima na Mboko mpaka Lusenda na Abeka, na mdeni wake hathubutu kutopokea simu.

Mwezi wa Julai aliamshwa usiku mara tatu. Mara mbili alipiga simu zake, akapata majibu, akarudi kulala, na Nundu nzima ililala naye bila kujua. Mara ya tatu Swima haikujibu. Alivaa kitenge chake, akaenda kukaa chini ya mwembe na nyundo mapajani, akipiga simu kila baada ya muda. Swima ilijibu karibu na saa kumi na moja za alfajiri. Betri ilikuwa imekwisha. Aliiweka nyundo mahali pake, akaenda pwani kungoja mitumbwi.